Dini Isiyo na Majirani

Jumamosi, 7 Juni

Nesi alisema nikizidiwa na mawazo niyaandike, presha itashuka. Haya, naandika. Haijashuka.

Jioni tumekula ugali wa ulezi na samaki wa migebuka. Nimeanza ishara ya msalaba, Avelina mwanangu mkono hakuuinua. Nikadhani bega linamuuma, maana kule steshenari anakofanya kazi anainamia mashine kutwa. Kumbe siyo bega. Amenitilia maji ya kunawa, ametulia, akasema anachunguza dini nyingine. Ya Wazoroasta.

Sijawahi kuisikia. Nikauliza kama ni ndugu wa Wasabato. Siyo. Walokole wapya? Siyo. Ni ya zamani sana, ya Uajemi, nabii wao anaitwa Zarathustra, Mungu wao ni mmoja, na wanasali wakielekea moto au mwanga. Hawauabudu moto. Hilo amenisahihisha kabla sijafungua mdomo.

Kanisa lao liko Milanzi? Haliko. Matai? Haliko. Mpanda, Tunduma, Mbeya? Hapana, mama. Wako wachache Dar es Salaam, wengine Nairobi, wengi wako India. Yuko bibi mmoja wa Dar, Bibi Perin, wanaandikiana kwa simu tangu mwaka jana. Mwaka jana! Na mimi nilidhani anaandikiana na mchumba. Nilishaanza kuulizia ukumbi.

Halafu eti hawatafuti watu. Wengine wao hata ukiomba kuingia hawakupokei, wengine wanakupokea. Dini zote zinazopita hapa Katandala, Sumbawanga, zinakuja na spika kubwa alfajiri, kuku wanaacha kutaga. Hii imekaa kwao kimya, mwanangu ndiye anaikimbilia.

Mimi niliishia darasa la nne. Lakini kitu kimoja nakijua, dini ni watu. Ukiugua nani anakuletea uji? Ukifiwa nani anasomba maji, nani anakoroga sufuria? Mume wangu alipofariki, Jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika walilala hapa kwenye mikeka mpaka tulipoanua matanga. Sasa Avelina awe Mzoroasta peke yake Rukwa nzima, mimi niwe nimeshakufa. Nani atamzika?

Nikamwuliza. Ningenyamaza! Dini yenyewe inachukia uongo kuliko kitu chochote, kwa hiyo siku hizi Avelina hasemi uongo hata wa kumfariji mtu. Akaniambia siku nyingi zilizopita, huko kwao, maiti waliwekwa juu ya mnara, wakaliwa na ndege.

Ndege!

Migebuka imenishinda. Nimempa paka. Lakini nina mpango.


Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Mpango wenyewe: leo ni siku ya ndimi za moto. Anapenda moto? Sisi tunao! Nikamkokota Avelina misa ya kwanza, benchi la mbele kabisa, karibu na mishumaa. Alikuja bila ubishi. Alisema kunisindikiza siyo dhambi kwa mtu yeyote.

Padre amehubiri vizuri sana. Kila akitaja moto nimempiga Avelina kiwiko. Moto, kiwiko. Moto, kiwiko. Mwisho wa mahubiri mkono wangu ulikuwa unauma na yeye amehamia upande wa pili wa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Wakati wa komunyo hakusimama.

Aliyeona ni nani? Margareth. Nani mwingine! Margareth ni jirani yangu wa ukuta mmoja na ni mwenyekiti wa jumuiya. Ana macho mawili kama sisi sote lakini yake hayajui kupumzika. Nje ya kanisa akaniuliza binti ana nini. Nikasema tumbo. Akasema pole. Nikasema asante. Nikadhani yameisha.

Mchana kaja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, umetiwa limau, kwa ajili ya mgonjwa. Mgonjwa alikuwa uani anafua blanketi. Margareth akamwuliza tumbo linaendeleaje. Mimi nimesimama nyuma ya Margareth, nimeshika tumbo langu, namwonyesha kwa uso.

"Shikamoo mama mkubwa. Tumbo ni zima. Nachunguza dini nyingine, kwa hiyo sikuona haki kupokea."

Margareth kakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kauliza maswali yote. Kajibiwa yote, mpaka ndege. Kisha kanywa uji wake mwenyewe, kauliza na mimi kama nataka.

Habari ilifika sokoni kabla ya chupa kufika nyumbani kwake.

Jioni nimemwuliza Avelina kulikuwa na haja gani ya kunitia aibu. Akasema nisamehe mama, lakini ulisema uongo. Nikamweleza tofauti. Uongo ni kumdhuru mtu. Hii ilikuwa mpango.


Jumanne, 10 Juni

Baridi kali. Upepo wa Ufipa mwezi huu unaingia hata pale ambapo hakuna tundu.

Nimekwenda dukani kwa Huseni kununua sabuni, kweli kweli nimekwenda kupeleleza. Ukoo wao ni wa biashara na malori tangu babu yao, wanajua watu wa kila bandari. Nilifikiri akiniambia hawa Wazoroasta ni wabaya, nitamaliza jambo leo leo.

Akasema baba yake aliwahi kufanya kazi na mmoja, zamani, Dar. Mhasibu. Watu walikuwa wakimwachia funguo za duka wakasafiri. Kosa lake moja tu, hakuruhusu mtu awashe sigara kwenye taa yake.

Basi? Basi. Hakuna ubaya mwingine? Huseni kafikiri sana, mpaka kaacha kupima mchele wa mteja mwingine. Akasema alikuwa anatembea haraka mno.

Hakunisaidia kitu huyu.

Halafu mkewe, Kulsumu, kadakia kutoka ndani akiwa kwenye cherehani. Akasema kama mtoto anahama si ahamie kwao basi, msikiti ule pale, hata mvua ikinyesha hatalowa. Na kuzika wanazika siku hiyo hiyo. Wakacheka wote wawili na yule mteja. Nimecheka na mimi, lakini njiani nimefikiria. Kweli hata Waislamu ningewaelewa. Ningejua sufuria ziko kwa nani.

Sabuni nimeisahau.


Alhamisi, 12 Juni

Nimemchunguza Avelina anavyosali. Asubuhi ananawa, anasimama mbele ya jiko letu la mkaa, ananyamaza, midomo inacheza kidogo. Kwa moyo wangu wote siwezi kusema ni kitu kibaya. Ananiombea hata mimi, nimesikia jina langu.

Lakini ameniletea sheria jikoni. Nisipulize moto kwa mdomo, pumzi ya mtu inauchafua, nipepee kwa mfuniko. Nisitupe plastiki kwenye jiko. Nisiteme mate kwenye jivu. Tangu nizaliwe napuliza moto! Mama yangu alipuliza, bibi yangu alipuliza mpaka macho yakawa mekundu. Leo nimeinama, nimejaza mashavu, nikamwona mlangoni ananitazama. Nimeimeza ile pumzi. Imenipa kwikwi mpaka saa nne.

Hapo ndipo akili ikanijia. Nimechelewa wapi siku zote hizi? Dini ya moto ikikosa moto, imebaki nini?


Ijumaa, 13 Juni

Mpango: kuzima.

Alfajiri nimemwaga maji kwenye jiko. Mkaa nimeuficha chini ya magunia ya ulezi. Viberiti nimevifunga kwenye kitenge nikavitia chini ya godoro langu. Nikamwambia Avelina mkaa umeisha na duka la Huseni limefungwa.

Akasema sawa mama. Akaenda kusimama uani akielekea jua linalochomoza. Jua! Hili sikulipigia hesabu. Kasali huko, kanywa maji baridi, kaenda zake kazini na sweta mbili.

Nimebaki mimi. Bila chai. Bila kitu cha kuota. Upepo unapiga mabati. Saa tatu vidole vimekufa. Saa nne nikasema basi, acha nishindwe, nimefungua kitenge. Viberiti vyote vimelowa, maana chupa yangu ya maji ya moto ya kulalia ilikuwa inavuja na mimi sikujua. Kwenda kwa Huseni siwezi, nimeshasema duka limefungwa, na Huseni atamtajia Avelina akipita.

Ilibaki njia ya bibi yangu. Nimechukua kigae cha chungu, nikaenda kuomba moto kwa jirani.

Jirani ni Margareth.

Alinitazama vile anavyotazama nyanya zilizooza. Akauliza je, huyu mtoto wa moto hakumwachia mama yake hata cheche. Akauliza kama kwenye dini mpya moto unakatwa kama umeme. Mimi nimenyoosha kigae tu. Amesema yote aliyokuwa nayo, lakini mkono wake ulikuwa tayari unachagua makaa. Alinipa mawili makubwa, akaniwekea na la tatu dogo juu, akalifunika kwa jivu lisizimike njiani. Moto hunyimwi kwetu. Hata mgomvi wako, akija na kigae unampa, ukimnyima mji mzima utakusema mpaka wajukuu.

Sasa ndiyo natoka pale, natembea polepole kama nimebeba mayai, nani anakuja barabarani juu ya bodaboda? Avelina. Alikuwa amesahau miwani.

Alishuka. Alinitazama mimi, kigae, moshi, nyumba ya Margareth. Machozi yakamlenga. Akaniambia huko kwao moto mkubwa kabisa wa hekalu hukusanywa kutoka mioto ya watu mbalimbali, wa mhunzi, wa mfinyanzi, wa mwoka mikate, ukaunganishwa ukawa mmoja. Kwamba kubeba moto wa jirani kuuleta nyumbani ni jambo zuri sana, na hakuniomba, nimelifanya mwenyewe. Akanikumbatia pale pale, dereva wa bodaboda akasubiri.

Nilifanya nini? Nimeuzima moto ili dini ife, nimeirudishia makaa matatu!

Chai ilikuwa tamu lakini. Lazima niandike.


Jumapili, 15 Juni

Margareth ametangaza baada ya misa. Jumamosi ijayo ilikuwa zamu yangu kupokea jumuiya. Sasa anasema labda waende kwingine, nyumba yangu "ipumzike kwanza". Kaitamka kwa upole, mbele ya watu, akiwa ameshika mkono wangu.

Mimi nimepokea jumuiya tangu Avelina ananyonya. Maandazi yangu yanajulikana mpaka parokia ya pili.

Nikasema njooni. Nikasema Avelina atakuwa amesafiri, anakwenda Matai kwa baba yake mdogo Urbano kuchukua ulezi. Margareth akasema kama ni hivyo, sawa. Avelina hakuwa karibu, namshukuru Mungu.

Nyumbani nikamwambia Avelina aende Matai Jumamosi akachukue ulezi. Ulezi tumejaza hadi chini ya kitanda. Akauliza kama kuna sababu nyingine. Nikasema Urbano amekukumbuka sana. Akasema basi atakwenda, hajamwona siku nyingi.

Urbano sijaongea naye tangu Pasaka. Lakini nani asiyemkumbuka mtoto wa kaka yake?


Jumatano, 18 Juni

Moyo hautulii. Matai ni siku moja tu, na maisha ni marefu. Mpango mkubwa unahitajika, wa kung'oa na mizizi.

Mpango: nimpigie huyo Bibi Perin, nimharibie Avelina sifa, wamkatae wenyewe. Si wao hawapendi wageni? Nitawarahisishia. Nilikusudia kuiba namba kwenye simu ya Avelina akiwa anaoga. Nikamkuta ameshaiandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye kabati la vyombo. Amesema, ukitaka kumpigia, mama, asubuhi ndiyo anasikia vizuri. Mtoto huyu hanipi hata nafasi ya kuiba.

Nilijiandaa kusikia Kihindi. Nikasikia Kiswahili cha pwani, kimenyooka kuliko changu, sauti ya bibi mkongwe. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba mwanangu. Nikamwaga yote. Kwamba Avelina ni mlevi. Mvivu. Ana matusi. Anapuliza moto usiku wakati hatumwoni, na mate anatema.

Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanao aliniambia utapiga, na utamsema vibaya," akasema. "Kaniomba nisikasirike. Kasema, ndivyo mama anavyolia."

Nikakaa chini jikoni. Halafu nikalia kwa namna ya kawaida.

Nimemweleza hofu yangu yote. Ndege, sufuria, mikeka. Akanisikiliza. Akasema ndege ni habari za kule na za kale, wao huku huzika. Akasema yeye hana uwezo wa kumwingiza Avelina wala kumzuia, na huko kwenyewe hawajakubaliana kuhusu wageni. Yeye kamwambia asome, aseme kweli, amtunze mama yake, asiwe na haraka. Mwaka ukigeuka kama bado anataka, aende amtembelee Dar, wazungumze uso kwa uso. Ndiyo hivyo tu. Hajamwahidi kitu.

Kisha nikamwuliza kuhusu yeye. Watoto wako nje, Kanada. Mumewe alishatangulia. Siku ya sikukuu wakikusanyika wenzake wa dini anaandaa meza ndogo, na bado viti vinabaki. Anasali mbele ya taa ya mafuta juu ya friji, kwa sababu paka wake hafiki huko.

Sikuweza kujizuia. Nikamwuliza, sasa wewe bibi, nani atakuzika?

"Majirani," akasema. "Huyu wa ghorofa ya juu, Mwislamu, na mkewe. Na Mhindi mmoja wa Goa, wa mlango wa pili, huyo Mkatoliki kama wewe. Wameshagawana kazi. Juzi nimewakuta wanagombana nani atashika funguo."

Nimeweka simu. Jiko lilikuwa linafifia. Nikachukua mfuniko nikapepea. Hakuna mtu aliyekuwa ananitazama. Sijui kwa nini nilipepea.


Jumamosi, 21 Juni

Nianze mwanzo.

Avelina aliondoka alfajiri kwenda Matai. Maandazi yameumuka vizuri. Jumuiya wamefika, nyumba imejaa, Margareth kwenye kiti chenye mito. Tumesali, tumesoma neno, tumeingia kwenye matangazo. Wote wananitazama kwa huruma. Mimi natabasamu kama picha ya kipaimara.

Mlango ukafunguliwa. Avelina. Nyuma yake shemeji yangu Urbano amebeba gunia zima la ulezi begani. Alikutana na Avelina stendi hapa hapa Sumbawanga, alikuwa anakuja mjini kuuza gunia lake. Akasema kwa sauti ya kijijini, inayovuka mabonde, kwamba Avelina ni kweli anamkumbuka, lakini ni lini alimwita mtu aje kuchukua ulezi? Na mbona ulezi ninao, umejaa hadi chini ya kitanda, ameuona mwenyewe Pasaka?

Urbano akaweka gunia chini, akachukua andazi.

Margareth akanigeukia. Hakukasirika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akamgeukia Avelina, akasema mbele ya jumuiya nzima kwamba yeye hana ugomvi na mtoto, amemwogesha akiwa mchanga. Lakini anauliza kama mzazi. Dini ambayo haina hata mtu mmoja kuanzia hapa mpaka ziwani. Siku ikifika, nani atakuzika, mwanangu?

Swali langu lile lile! Neno kwa neno! Nimelilea siku zote hizi kwenye daftari, na limetoka kwenye mdomo wa Margareth.

Avelina alifungua mdomo. Namjua, alikuwa anataka kusema kweli, na kweli ni kwamba hajui. Nikamwona shingo yake ilivyo nyembamba, kama akiwa darasa la kwanza. Nikasimama. Mpango sikuwa nao. Mara ya kwanza maishani mwangu nimesimama bila mpango.

"Wewe," nikamwambia Margareth. "Utamzika wewe. Juzi nilikuja na kigae ukanipa moto, na ulikuwa umenuna. Mtu aliyekupa moto amenuna, atashindwa kukuzika akiwa analia?"

Niliongeza na mengine. Nikasema nilidanganya kuhusu mkaa, kuhusu tumbo, kuhusu Matai. Nikasema mwanangu ndiye mtu pekee katika nyumba hii anayesema kweli na mimi nimemwonea aibu. Nikasema wanaotaka maandazi wale, wasiotaka wafungiwe waende nayo.

Urbano alikuwa bado anatafuna. Akasema babu yake Avelina alikuwa mhunzi, tanuri lake la kuyeyushia chuma alikuwa analiheshimu kuliko mkwewe, na mkwewe alikuwa mtu mkubwa. Kisha akauliza kama kuna chai.

Margareth akarekebisha mto wake. Namwangalia, naona kinachompita usoni. Kwanza alitaka kukasirika. Halafu kitu kingine kikapanda, ninakijua, ndicho kinachomfanya awe mwenyekiti.

"Bila shaka ni mimi," akasema. "Nani mwingine hapa anajua kupanga wapishi? Mkimwachia mama yake, watu watalala njaa."

Akaanza kugawa kazi. Pale pale! Mama fulani maji, fulani kuni, vijana wa kuchimba, Huseni aombwe lori lake dogo. Kuhusu sala akasema za moto hawazijui, basi watanyamaza wakati wake, kunyamaza hakuna dhehebu. Na ndege, akasema, hakuna ndege atakayekanyaga hapa, atasimama yeye mwenyewe na fimbo.

Avelina kamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Akasema, asante sana mama mkubwa, lakini sijafa.

Nyumba nzima ikacheka. Margareth naye, mpaka kamwaga chai kwenye mito yangu.

Komunyo na mambo ya kanisa, hayo Avelina atakwenda kuongea na Padre mwenyewe, kamwomba nafasi wiki ijayo. Jumuiya watasubiri. Lakini walipoondoka, kila mmoja alimpa mkono. Na sinia la maandazi lilikuwa tupu. Lote.

Usiku mwema, daftari. Nimemwahidi Avelina kwamba mipango imekwisha. Kuanzia sasa kweli tupu.


Jumapili, 22 Juni

Asubuhi Margareth alikuja kuomba moto. Viberiti vyake vimejaa, nimeviona dirishani kwake, lakini nimempa. Akainama kuupuliza. Nikamshika bega, nikamwambia hapa tunapepea. Akaniambia nimeanza makuu. Akachukua mfuniko akapepea.

Halafu nimempigia Bibi Perin kumsimulia jana. Alifurahi sana. Mambo yakaja yenyewe, mazungumzo ni mazungumzo, nikauliza wale watoto wa Kanada wana watoto? Wanao. Yupo mjukuu wa kiume. Injinia. Hajaoa. Mwezi wa kumi na mbili anakuja Dar kumsalimia bibi yake.

Mwezi wa kumi na mbili!

Nilimuulizia kikohozi kwanza, kwa heshima. Kisha nikasema Avelina naye, ukiacha ule ulevi ambao haukuwepo, ana mkono mtamu sana wa jikoni. Wali wa nazi wake watu wanasafiri kuufuata. Bibi akasema mjukuu wake anaupenda wali wa nazi kuliko kitu chochote.

Avelina hajawahi kuvunja nazi. Kwetu huku hata mnazi hatuujui, ameziona kwa Huseni zimepangwa kwenye rafu.

Margareth, aliyekuwa bado anapepea, akauliza nilikuwa nanong'ona nini na simu. Nikasema bei ya ulezi. Avelina akapita na ndoo.

"Hapana mama mkubwa. Alikuwa anaulizia mjukuu wa Bibi Perin."

Margareth kaweka mfuniko chini. Kasogeza kigoda karibu yangu. Ameuliza ana umri gani.

Kesho mimi na yeye tunakwenda kwa Huseni kununua nazi. Avelina tutamwambia ni kwa ajili ya jumuiya. Huo siyo uongo, Margareth ndiye mwenyekiti na atakuwepo wakati wa kula. Ni mpango.